Vibuyu Vilivyooshwa kwa Sabuni

Nzi alikuwa ameingia kwenye chupa tupu ya soda akashindwa kutoka. Ilikuwa kwenye sherehe ya kipaimara nyumbani kwa Adela, niliyesoma naye, kule Bombambili, mwezi uliopita. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa kama wagonjwa, na mbele yetu kijana mkubwa wa Adela amesimama nyuma ya kinanda, anabonyeza kwa kidole kimoja. Ngoma zinajipiga zenyewe, gitaa linajipiga lenyewe, na kazi ya kijana ni kutikisa kichwa. Watu wanapiga makofi. Mshereheshaji anatangaza kwamba hapa tuna kipaji. Mimi nimeiinamishia sikio chupa iliyo mezani kwangu. Nzi anapanda, anashuka, anagonga kioo, na mlio wake unabadilika kadiri anavyousogelea mdomo wa chupa. Ndugu zangu, katika muziki wote uliopigwa siku ile, nilimwelewa nzi peke yake.

Mlio ule naujua tangu nikiwa na meno ya utoto. Ulinirudisha moja kwa moja kwenye stoo ya majembe ya shule yetu ya msingi hapa Songea. Jina la shule sitalitaja, maana baadhi ya walimu wake wangali hai na bado wanakaa viti vya mbele misa ya kwanza.

Shule yetu ilikuwa na kwaya. Naiita kwaya kwa kuwaheshimu wazazi. Wimbo wake ulikuwa mmoja, wa kumkaribisha mgeni, na kila alipokuja mgeni mpya tulichomoa jina la yule wa zamani tukachomeka la huyu. Bwana Afya aliimbiwa huo, mkaguzi aliimbiwa huo, padri aliyekuja kubariki kisima naye aliimbiwa huohuo. Safari moja mgeni alikuwa na jina refu kuliko nafasi yake katika wimbo, tukalikata katikati, na mwenyewe akapiga makofi kwa furaha bila kujua ni yeye tuliyemkata. Mwalimu Mkuu alisimama pembeni akipunga mikono, na mkono wa kulia ulikuwa haujui habari za mkono wa kushoto.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani vilikuwa vimejaa ghafla vitu ambavyo wazazi wetu walikuwa wamevisahau au hawajawahi kuviona: sabuni za kunukia, redio za kaseti, viatu vya plastiki vya rangi ya waridi. Kila mtu akawa mfanyabiashara. Mwalimu Mkuu aliuza barafu za rangi, zimefungwa kwenye vimfuko vya nailoni, na ole wako uonekane unanyonya barafu ya mwingine. Kesho yake mstarini utaitwa mbele ukaguliwe kucha. Baba yake Adela, Mzee Gama, alikuwa mtunza ghala la ushirika. Ushirika ukafa, yeye akanenepa, akanunua lori la kubebea mahindi. Adela akawa kiranja wa usafi. Sikumbuki kama alichaguliwa.

Basi akaja Mwalimu Tekla. Alitokea upande wa ziwani, Nyasa huko, na mama yangu aliposikia hivyo alikunja pua akasema watu wa ziwani wananuka dagaa na wanaongea kama wanagombana na mawimbi. Mwalimu Tekla hakunuka dagaa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kitambaa chake cha kichwa alikikaza mpaka nyusi zikapanda, kwa hiyo muda wote alionekana kama mtu aliyeletewa chakula kilichopoa. Alipewa darasa la nne na kwaya juu yake, kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka.

Siku ya kwanza aliisikiliza kwaya nzima ikiimba wimbo wetu mmoja. Akatutoa nje, akatuita stoo ya majembe mmoja mmoja, kila mtu aimbe peke yake mstari mmoja tu. Nilikuwa nyuma ya Adela kwenye foleni, na mlango ulikuwa wazi, hivyo nilisikia yote. Adela aliimba kwa kubana pua, kama alivyoona waimbaji wa kwenye mikanda ya video wakifanya. Mwalimu Tekla akatabasamu. Akamwambia, "Vizuri sana. Nenda kakae." Adela akatoka kifua mbele, akakaa chini ya mti kusubiri kuitwa tena.

Mimi nikaingia, nikaimba. Mwalimu Tekla akakunja uso. Akasema naimba kama mtu aliyebebeshwa debe la maji asilolitaka. Akataka kujua hizo pumzi nazipeleka wapi, kwa sababu kooni hazifiki. Halafu akaniambia nibaki.

Nilibaki, na machozi yakaanza kunitoka. Wakati kila anayeingia ananipita akipewa "vizuri sana" na ruhusa ya kwenda kukaa, mimi na wenzangu wachache tulisimamishwa ukutani katikati ya majembe kama wezi wa mahindi. Jioni nilipofika nyumbani nilimweleza mama kwamba nimefeli kuimba. Mama akacheka, akasema hata kuimba siku hizi kunafeliwa? Kumbe waliotakiwa tena kesho yake tulikuwa sisi wa ukutani tu. Wale wa "vizuri sana" hawakuitwa kamwe, na wengi wao mpaka leo wanasimulia jinsi Mwalimu Tekla alivyowasifia.

Sikulielewa hilo wakati ule. Nilichojua ni kwamba lile neno wenzangu wote wamelipata, mimi sijapewa. Nikaapa nitalipata. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuingia kwenye muziki, ndugu zangu, na anayewaambia kwamba aliitwa na kipaji mwulizeni vizuri.

Hakutufundisha nyimbo. Alituletea vibuyu. Kwao ziwani kuna ngoma ya mganda, ngoma ya wanaume waliovaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, wanajipanga mistari kama askari, na badala ya tarumbeta wanatumia vibuyu. Baba yake alikuwa kiongozi wa kikundi, na yeye alikua akimtengenezea vibuyu kwa sababu vidole vya mzee vilikuwa vinene. Kwamba mwanamke hapigi kibuyu cha mganda alilijua, na alipoulizwa na wazazi kwa nini anawapa hata wasichana, alijibu kwamba wavulana wa Songea amewasikia.

Kibuyu chenyewe kina tundu la kusemea na tundu lingine dogo pembeni. Hilo dogo ndilo roho ya kibuyu. Linabandikwa utando mweupe ambao buibui wa ukutani anafunikia mayai yake, ule wa duara, mkavu, mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Unaubandua taratibu kwa ukucha, unaubandika kwa nta. Ukisemea ndani ya kibuyu utando unatetemeka, na sauti yako inatoka imekuwa kitu kingine, inavuma kama nzi ndani ya chupa. Bila utando una kibuyu cha kuchotea maji.

Sasa tando zenyewe ndizo zilizotuletea aibu. Zilikuwa zinachanika haraka, kwa hiyo kila juma tulitumwa kutafuta nyingine, nyumba kwa nyumba. Hebu fikirieni. Unabisha hodi kwa mama wa watu hapa Songea, unamwamkia shikamoo kwa adabu, halafu unamwomba akuruhusu uangalie ukutani kwake kama kuna utando wa buibui. Unamwambia nini? Unamwambia nyumba yake ni chafu, tena umetumwa na shule kuja kumwambia. Mama Adela alinifukuza kwa ufagio wa chelewa. Kisha akaenda mpaka kwetu, akasimama uani na kumwuliza mama yangu, majirani wote wakisikia, kama nyumbani kwake buibui wamekwisha hata amtume mtoto kuazima kwa wenzake.

Mama alingoja mgeni aondoke, akachukua ufagio mrefu na kufagia kuta zote, dari yote, mpaka jikoni kwenye masizi ambako hata mjusi alikuwa amekata tamaa ya kufagiliwa. Huku anafagia analaani ziwa Nyasa na kila kilichotoka humo isipokuwa samaki. Nilipiga magoti nikimwomba aniachie japo utando mmoja. Aliniambia nikaishi na huyo mwalimu wangu.

Niwaambie tulikozipata. Tulizipata ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Mtu aliyetukagua kucha kila asubuhi alikuwa na tando nyuma ya kabati, nyuma ya mlango, chini ya dirisha, na nene zaidi kuliko zote zilikuwa nyuma ya bango lililoandikwa maneno ya usafi. Alikuwa akienda kuuza barafu zake saa za mapumziko, sisi tunaingia kwa ruhusa ya kufuta vumbi. Ofisi ile ililisha vibuyu vyetu muhula mzima.

Mazoezi yalikuwa matusi matupu. Nikisema matusi sina maana ya maneno machafu. Mwalimu Tekla hakuwa na haja nayo. Nikipuliza aliniambia sijaitwa kuwasha jiko, kibuyu hakipulizwi, kinasemewa. Nikisemea kwa sauti kubwa aliuliza ni kiziwi gani namwita. Nikinyamaza kumeza mate alisema hatimaye nimepiga kitu anachoweza kukivumilia. Alikuwa na debe tupu la mafuta ya kupikia, na tukishashika wimbo vizuri alilichukua akaanza kulipiga nje kabisa ya mwendo wetu, karibu na masikio yetu, mpaka tunapotea. Tukipotea tunaanza upya. Alisema duniani madebe ni mengi kuliko vibuyu na hayatatungoja tumalize.

Nilimchukia. Nilimchukia nikienda na nikirudi, nikichota maji na nikimenya mihogo. Na katika kumchukia nilikuwa nasemea kwa kupumua tumboni, njia nzima, mpaka watu wakadhani naongea na mizimu. Siku moja katikati ya mazoezi Mwalimu Tekla alipiga debe lake, nami nikajikuta nalisikia kama mvua ya kwenye bati la jirani. Lilikuwepo, halinihusu. Alilipiga kwa nguvu zaidi. Nikafika mwisho wa wimbo. Nikamwangalia, nikingoja neno langu. Alisema kibuyu changu nakishika kama nakikaba koo, nitakivunja. Lakini kuanzia siku ile mimi ndiye niliyesimama mbele kuongoza sauti.

Ndipo ikaja habari ya mgeni rasmi, atakayefungua darasa jipya. Mwalimu Mkuu, ambaye muhula mzima hakuwa ametaka kusikia habari za vibuyu, sasa alivikumbuka. Alisema wakubwa wanapenda utamaduni. Mzee Gama naye, kwa heshima ya mgeni huyohuyo, akaizawadia shule kinanda. Kilikuwa kinanda kidogo cheusi kilichotoka Dar es Salaam, chenye kitufe chekundu ambacho ukikibonyeza kinapiga wimbo mzima peke yake, wa kwao huko kilikotengenezwa, mpaka useme basi. Aliyezawadia kinanda alikuwa na binti, na binti alihitaji mahali pa kuweka kidole. Ikaamuliwa Adela atapiga kinanda na sisi na vibuyu vyetu tutaenda naye, ili mgeni aone mila na maendeleo kwa pamoja. Mwalimu Tekla aliuliza huo wimbo wa kinanda na wimbo wetu wa mganda zitakutana wapi. Mwalimu Mkuu akamjibu kwamba zitakutana mbele ya mgeni rasmi.

Wiki ile Songea nzima ilifagiwa. Mtendaji wa kata alipita akiagiza nyumba zote za barabarani zipakwe chokaa mpaka kiunoni, na zikapakwa, kuta zikawa kama watu waliovaa kaptula. Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilipakwa chokaa ndani na nje. Kabati lilisogezwa kwa mara ya kwanza tangu nchi ipate uhuru, nadhani, na kilichokuwa nyuma yake kilichomwa moto.

Asubuhi ya sherehe tulifika stoo kuchukua vibuyu vyetu, hatukuvikuta. Vilikuwa nje, vimepangwa juani juu ya gunia, vinang'aa na kunukia sabuni ya kuogea. Adela amesimama pembeni yake, mikono imekunjamana kwa maji. Kwa agizo la Mwalimu Mkuu kwamba kila kitakachoonwa na mgeni kiwe safi, kiranja wa usafi na wenzake walikuwa wamevisugua vibuyu vyote kwa mchanga laini na sabuni, nje na ndani. Tena Adela alitueleza kwa fahari kwamba pembeni kulikuwa na vitundu vimejaa nta na uchafu wa buibui, naye amevikwangua vyote kwa kijiti.

Niligeuka nimwone Mwalimu Tekla atampiga kwa kitu gani. Mwalimu Tekla alichukua kibuyu kimoja, akakigeuza, akachungulia mwanga kupitia lile tundu. Akakirudisha kwenye gunia polepole. Kisha akatabasamu lile tabasamu lake.

"Vizuri sana, Adela," akasema.

Adela akainama kwa furaha. Mimi nikasimama pale nikiwa nimechanganyikiwa, kwa sababu hata huyu, kwa hili, amelipata neno.

Tulitawanyika kutafuta tando. Ofisini ni chokaa tupu. Madarasani kumefagiwa. Nyumba za jirani hata ukipiga magoti hakuna, walimchelea mtendaji. Nilikimbia mpaka nyumbani ingawa nilijua kabisa naenda bure, maana nani asiyejua vita ya mama na buibui. Nilimkuta anajifunga kitenge kipya aende sherehe. Nikamwonyesha kibuyu, tundu liko wazi.

Mama alinitazama. Akanyanyua mikono, akaitungua ukutani ile picha kubwa ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Nyuma yake ukutani palikuwa na tando mbili za duara kama shilingi, nyeupe, nzima, zimeshikana.

"Nilifagia mbele," akasema. "Nyuma ya Bwana Yesu sikugusa."

Aliongeza haraka kwamba nisidhani ni kwa ajili ya yule Mnyasa. Utando mmoja ulichanika mkononi mwangu kwa haraka yangu, mmoja ukanusurika. Kwa bahati wageni rasmi hawajawahi kufika kwa wakati tangu walipoumbwa. Nilifika shuleni vumbi la magari ya mgeni wetu likiwa bado halijaonekana hata Mjimwema, na nta ikapata muda wa kushika.

Kwa hiyo kibuyu chenye roho kilikuwa kimoja, changu. Wenzangu Mwalimu Tekla aliwaambia waweke vibuyu vyao mdomoni na kusemea kama kawaida, watoe sauti ya watu ikiwa sauti ya kibuyu haipo. Mimi alinirekebisha mkono tu, ule wa kukaba.

Tukaingia uwanjani mistari minne, soksi nyeupe za mitumba zimevutwa mpaka magotini. Nikaanza. Wenzangu wakaingia chini yangu, na mvumo wao na mlio wangu vikashikana, na nakumbuka mabibi wawili waliokuwa wamekaa chini mbele waliacha kumenya karanga. Hapo ndipo Mwalimu Mkuu alipompa Adela ishara ya kichwa. Adela akabonyeza kitufe chekundu.

Kinanda kiliunganishwa na betri ya lori la Mzee Gama na spika ya kanisa. Kilinguruma. Ngoma za Ulaya, tarumbeta za Ulaya, mwendo wa mbio, na Adela nyuma yake akipitisha vidole juu ya vibonyezo bila hata kuvigusa, kichwa kinacheza. Watu wakashangilia kwa nguvu. Wenzangu wawili wa nyuma wakapotea, wakaanza kumfuata. Mimi nilisikia debe. Ni debe tu, ndugu zangu; limevaa nguo mpya. Nikaendelea na wimbo wetu, na wenzangu wakarudi kwangu mmoja mmoja, tukaenda hivyo, sisi kwetu na kinanda kwake, mpaka mwisho. Kwenye sauti ya mwisho kabisa, ile ndefu, pumzi ziliniishia. Nikaikata kabla ya wakati wake, kama ncha ya kucha tu. Kwa kelele ile hata malaika wasingesikia.

Mgeni rasmi alisimama, akaenda moja kwa moja kwa Adela. Akampa mkono. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba amefurahishwa sana na mtoto huyu aliyepiga kinanda kwa ustadi mkubwa, taifa lina hazina. Mzee Gama akajifuta jasho la furaha. Mwalimu Mkuu alipiga makofi mpaka saa yake ikafunguka ikaanguka. Hakuna hata mtu mzima mmoja pale jukwaani aliyejiuliza iweje kinanda kiliendelea kupiga mtoto alipokuwa akipeana mkono na mgeni.

Sikujali. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Mwalimu Tekla, aliyekuwa anakuja kwenye mistari yetu. Alianzia mwisho. Alimgusa kila mmoja begani: vizuri sana, vizuri sana, vizuri sana. Nililisikia neno linanijia kama mtu anayesikia hatua za mleta barua. Miguu iliniuma kwa kusimama wima. Akafika kwangu. Akakunja uso.

"Uliishiwa pumzi pale mwisho," akasema. "Jumatatu njoo mapema."

Akapita.

Nililia mpaka nyumbani, kibuyu kwapani. Nilimwambia mama sirudi tena kwa yule mwanamke, bora nikauze barafu. Mama alinikatia kipande cha boga, akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi huyo mwalimu anaogopa kwamba nitatia maji. Nilimwamini mama kwa miaka mingi katika hilo. Lakini Jumatatu nilikwenda mapema. Nilikwenda kwa hasira, nikamshikie pumzi mpaka azirai yeye. Nikamkuta ameshafika, amekaa juu ya debe lake kwenye stoo ya majembe, ananingoja. Wenzangu hakuwa amewaambia waje mapema.

Tuliendelea hivyo mpaka namaliza darasa la saba. Alipohamishwa kurudi kwao ziwani shule ilimfanyia sherehe ya kumuaga, na Mwalimu Mkuu akasoma hotuba ndefu ya kumsifia, yenye kuonyesha kwamba vibuyu lilikuwa wazo lake yeye Mwalimu Mkuu. Mwalimu Tekla alisimama kujibu. Alisema anawashukuru wote, wamefanya vizuri sana. Wakampigia makofi. Mimi nilikwenda stendi kumsindikiza, nikamwamkia dirishani, nikiwa na kibuyu mkononi kama mjinga. Alinitazama kutoka ndani ya basi. Aliniambia utando wake umechoka, niubadilishe. Basi likaondoka.

Nilikuja kumwelewa nikiwa mtu mzima, tena si kwa kutafakari. Nilikuwa nimekabidhiwa kwaya ya vijana ya parokia, na kijana mmoja, mtoto wa watu wazuri, akaimba mbele yangu wimbo mzima bila kugusa sauti hata moja aliyoikusudia. Nikafungua mdomo nimweleze. Nikaona ni kazi bure. Hapa hakuna cha kushika. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Vizuri sana. Nenda kakae." Nikaketi kwenye benchi, nikaanza kuhesabu mara zote ambazo yule mwanamke hakuniambia neno hilo, na nikalia mbele ya kwaya yangu, wakadhani kijana ameimba kwa kugusa moyo.

Hakuwa anaogopa kwamba nitatia maji. Alikuwa hajakata tamaa na mimi, basi. Kwake sifa ilikuwa ni mlango wa kutokea. Sisemi alikuwa na haki. Pengine katika wale aliowatabasamia siku ya kwanza kulikuwa na wawili watatu ambao wangefaa kukunjiwa uso mwaka mmoja zaidi. Ila najua alikunja uso wake wote kwa ajili yangu, mpaka mwisho stendi, na mimi nikauona ni chuki.

Basi turudi Bombambili. Kinanda kilinyamaza, na Adela akaja mezani kwangu akimvuta kijana wake kwa mkono, amependeza, amenenepa kama baba yake. Akaniuliza, mwalimu wa kwaya, umemwonaje mwanangu?

"Vizuri sana," nikamwambia.

Adela alinikumbatia, machozi yanamlenga. Walipoondoka nikaona chupa yangu haipo mezani. Mwenye sherehe mwenyewe, binti mdogo wa Adela aliyepewa kipaimara asubuhi ile, ambaye tangu chakula hakuna aliyemkumbuka, alikuwa ameichukua. Ameketi pembeni ya meza yangu na gauni lake jeupe. Alikwishamtoa nzi. Sasa ameweka mdomo kwenye chupa na anatafuta ule mlio wa nzi kwa pumzi yake, anaukosa, anarudia, anaukosa tena, safari hii kwa juu kidogo.

Nilimsikiliza mpaka nikawa na hakika.

"Wewe," nikamwambia. "Unapuliza. Nani amekutuma kuwasha jiko? Chupa inasemewa."

Alinyanyua uso, umevimba kwa hasira. Siku yake ya kipaimara, na mimi ndiye wa kwanza kumsema. Nikamwambia kesho baada ya misa aje parokiani, aje mapema. Aliniangalia kwa chuki safi kabisa, kisha akainamia chupa tena, akasemea.